Mkeka Usiotiwa Rangi

Juzi, katika duka moja la Al Sadd, hapa Doha, niliona mkeka mweupe umetundikwa ukutani kama pambo. Nilitoka bila kununua nilichokifuata.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Al Rayyan ilinuka ukindu uliolowekwa. Mama, Mpemba, alikuwa akishona ukili, mikanda ya ukindu uliosukwa, kuwa mkeka huku kiyoyozi kikinguruma. Baba alikuwa amelazwa hospitali, nami niliamini mkeka ule ni wa kumpokea. Nikamletea mama ukindu wa zambarau.

"Huu hautiwi rangi," akasema.

Akaingia jirani yetu, Bi Marva, wa kisiwa kimoja cha Karibiani, ambako mabibi zake walisuka kofia na vikapu tangu enzi za utumwa. Kwa kawaida alikuwa mcheshi. Siku hiyo aliutazama ule weupe, akavua viatu, akashika upande wa pili. Miaka baadaye aliniambia kwamba kwao pia, kabla ya majeneza, maiti walizikwa kwa mikeka.

Mchana huo nikajilaza juu ya mkeka kuupima. Mama akaninyanyua upesi.

"Ongeza, mama. Baba mrefu, miguu itatoka nje."

Alinitazama, kisha akaongeza.

Simu ya hospitali ilikuja baada ya alasiri. Mkeka ulimtosha.