Waliompa Ufunguo wa Bweni

Emerensiana hakuumbiwa kunyamaza. Alipofiwa na mume, shemeji zake walikuja kugawana mibuni. Aliwafukuza kwa mpini wa jembe. Tangu hapo alilima mwenyewe, akauza usipa, dagaa wa ziwani, sokoni Mbinga, akamtunza mama yake mzazi aliyekuwa wa kulala tu, na bintiye mmoja, Lidia.

Lidia alikuwa darasa la sita, anakaa bweni la parokia, katekista alipomnajisi. Katekista akafungwa. Watu wakapumua: yamekwisha. Emerensiana akafungua kesi ya pili, safari hii dhidi ya parokia yenyewe.

"Mtu yuko jela, bado unataka nini?" wakamuuliza kisimani. "Sasa unamshtaki Mungu?"

"Mungu sina kesi naye. Kesi yangu ni na waliompa ufunguo wa bweni."

Parokia ikajibu kwamba haikujua lolote. Wakili akamwambia Emerensiana kavukavu: bila shahidi wa kusema walijua tabia ya yule mtu tangu zamani, huna kesi. Akatafuta. Kila mlango aliobisha ulikuwa na mgonjwa, au safari, au ng'ombe anayezaa.

Kisha mama yake akafa.

Huku maiti huzikwa na jumuiya: ndiyo ichimbayo, ndiyo ibebayo, ndiyo iimbayo. Siku hiyo hakuja mtu na jembe. Alikuja Hamphrey, mwenyekiti wa walei wa parokia, na wazee wawili. Hawakukaa.

"Pole, dada. Futa kesi, kaburi lichimbwe leo hii."

"Mama yangu ndiye aliyewafundisha nyinyi ishara ya msalaba!"

"Ndiyo maana tunataka azikwe kikristo, si kama mbwa. Kwani wewe wa kwanza? Kule kigango cha bondeni binti mwingine yalimkuta, kwa huyohuyo. Wazazi wake wakaja kwangu kwa adabu, tukayamaliza kwa sala na mbuzi. Katekista tukamhamishia huku. Mtoto ameharibika? Leo ni mke wa mtu!"



"Rudia, mwenyekiti," alisema Emerensiana.

Hamphrey akaona alipokanyaga. "Kwani nimesema nini? Wazee, mmesikia neno?"

"Sisi hatukusikia," wakajibu wazee, macho kwenye mibuni.

Jikoni, Margareta, mke wa jirani Jastin, alikuwa anasonga ugali wa waombolezaji wasiokuja. Mwiko ukasimama. Watu walijua ameolewa kutoka bondeni, basi. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Bibi alizikwa na wanawake wawili na mjukuu wake, kwenye kaburi la kina cha kiuno, maana mawe yaliwashinda. Mbwa wa Hamphrey alikuja kunusa.

Mahakamani Hamphrey alishika Biblia akaapa: parokia haikujua. Ndipo akaitwa Margareta.

"Yule binti wa mbuzi ni mimi," alisema. "Mbuzi walimla. Mimi sikuulizwa."

"Na mumeo anayajua haya?" wakili wa parokia akamchoma.

"Anayajua sasa."

Kwenye benchi la nyuma Jastin alinyanyuka, akavaa kofia, akatoka.

Hakimu aliamua parokia iwajibike. Emerensiana hakupigiwa vigelegele hata kimoja. Jioni Margareta alikuta nguo zake zimetupwa shambani, zimelowa matope, na mlango umefungwa kwa ndani, watoto wanalia humo.

Emerensiana akaziokota moja moja.

"Twende. Kitanda cha mama kipo."

"Na wanangu?"

"Lala kwanza, mdogo wangu. Njia ya mahakamani si tunaijua?"