Draiva Niliyoikata kwa Mkono Wangu

Fimbo ya gofu hupimwa kama suti. Nikisema hivyo hapa mtaani Baba Dogo watu hucheka, kwa kuwa wengi wao gofu wanaijua kwa kuchungulia kwenye ua, lakini mimi nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja huko nchi za Ghuba na ninajua ninachosema. Mpe mtu fimbo isiyo yake, atapiga kombo hata kama kipaji chake kimetoka mbinguni. Na katika fimbo zote zinazojaa mfuko wa mchezaji, yenye kusumbua zaidi ni draiva, ile ndefu kuliko zote, yenye kichwa kikubwa kama ngumi mbili, ya kupigia mpira wa kwanza.

Mimi ni mtu niliyejijenga, na hilo silisemi kwa kunong'ona. Nilizaliwa hapa jijini, mtaa wa Jericho, katika nyumba ya kaunsili, baba akiwa dereva wa lori. Diploma yangu ya uhandisi wa mitambo niliisomea jioni baada ya kushinda gereji mchana kutwa. Ghuba nilianza kwa kuosha vigari vya wachezaji; nilipoondoka nilikuwa mkuu wa karakana ya fimbo, na matajiri walikuwa wakipanga foleni niwapimie. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilirudi na sanduku la vifaa, draiva nne na kimashine cha kupima kasi ya mpira, nikakodi nusu ya godown, ghala la viwandani, Baba Dogo, nikatundika wavu mzito upande mmoja, nikaandika mlangoni kwamba hapa fimbo za gofu hupimwa na kurekebishwa.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote aliingia saa tatu asubuhi, Jumatatu, siku ambayo makedi hawana kazi. Alikuwa kedi, mmoja wa wale wanaowabebea wachezaji mifuko uwanjani. Mama wa makamo, mfupi, kichwa chake hakifiki begani mwangu, mzaliwa wa hapo hapo Baba Dogo kwa wazazi waliotoka Magharibi mwa nchi kutafuta kazi za viwanda. Mkononi alishika draiva ya zamani iliyopasuka kichwa kama yai.

"Sasa, injinia. Hii inaweza kushonwa?"

"Hii ni ya kuzikwa, dada. Pole."

Hakucheka. Aliketi kwenye debe lililofunikwa, akaniambia mambo yake kwa ufupi, kama mtu anayesoma orodha. Alikuwa amebeba mifuko ya watu miaka kumi na tisa, na mgongo ulikuwa umeanza kumnyima usingizi. Kulikuwa na mtihani wa kucheza kwa wanaotaka kuwa walimu wa gofu: ukipita, unasimama uwanjani na kufundisha, ukianguka, unarudi kuinama na kubeba. Mtihani hufanywa mara moja kwa mwaka. Mwaka uliotangulia alianguka kwa kuzidisha mapigo matatu. Sasa zilibaki siku kumi na nane, na draiva yake ya pekee, aliyopewa na mchezaji aliyeichoka, ilikuwa imepasuka akifanya mazoezi.

"Umefika kwa mwenyewe," nikamwambia. "Hapa una draiva nne za kuchagua. Ikikosekana ya kukufaa Baba Dogo, haiko popote."

Kazi yangu huifanya kwa utaratibu. Naupaka uso wa draiva poda ya mtoto ili mpira uache alama mahali ulipogusa. Kisha mteja anapiga kuelekea kwenye wavu, kimashine kinasoma kasi na upande ambao mpira ungeelekea, nami naandika. Nilimpa draiva ya kwanza, nyeusi, nyepesi, ya mtindo wa siku hizi. Aliishika karibu na katikati ya mshikio, kama mtu anayeogopa kuumwa na mwisho wake.

"Panda juu, dada," nikamwelekeza. "Hizi zimetengenezwa zishikwe huku juu kabisa. Ndiyo faida ya urefu."

Akapandisha mikono. Akapiga.

Nilidhani kimashine kimeharibika. Kasi kiliyoonyesha niliizoea kwa wanaume waliokula nyama maisha yao yote. Nikakizima, nikakiwasha, akapiga tena: ile ile. Miaka kumi na tisa ya kupanda na kushuka na mifuko ya watu ilikuwa imempa miguu na kiuno ambacho hakuna chumba cha mazoezi Ghuba kingeweza kukiuza. Nilisimama pale na kalamu yangu nikiona raha kama mwalimu wa kwaya aliyesikia sauti mpya kanisani.

Lakini upande! Mpira ulikuwa ukipinda kulia bila aibu.

"Huo umeenda wapi?" akauliza.

"Kariobangi, mtaa wa jirani."

Akapiga mwingine.

"Na huo?"

"Huo umevuka Dandora. Atakayeuokota ataurudisha kesho."

Hapo ndipo alipocheka. Tukaenda kwa ya pili, yenye mpini mgumu wa wanaume wenye nguvu, nikitarajia ugumu huo ungemnyoosha. Bado kulia. Ya tatu ilikuwa ya wanawake, yenye mstari wa rangi ya waridi, fupi kidogo, mpini laini kama ufito wa mvuvi. Kwa nguvu zake mpini ulikuwa ukijikunja na kuchelewa, mpira mmoja kushoto, mwingine kulia.

"Hii inacheza rumba," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima zote.

Ya nne ilikuwa yangu mwenyewe. Nilijinunulia mwaka wa mwisho Ghuba kwa jasho langu: bluu, mpini wa kaboni, kichwa kilichotulia. Ndiyo niliyokuwa nikichezea kila nikipata nafasi, na niliiweka mwisho kwa sababu sikutaka ichaguliwe. Akapiga mipira kumi. Saa nyingine ilinyooka, saa nyingine ilikwenda Dandora kuwatafuta wenzake. Katika poda, alama zilikuwa zimerundikana upande wa ndani wa uso, kwenye kisigino, karibu na mpini.

Kwa siku tisa alikuja kila alipotoka kazini, jua likiwa bado lipo. Nilimsogeza karibu na mpira, nikamsogeza mbali. Nilibadilisha urefu wa kijiti kinachobeba mpira. Yeye hakulalamika hata mara moja. Kila nilichosema alifanya, na kila siku alama ilibaki kwenye kisigino. Siku ya tisa aliketi kwenye lile debe, akaitazama mikono yake.

"Injinia, labda si fimbo. Labda ni mimi."

"Si wewe."

"Mwaka jana pia nilisema si mimi."

Nikaifuta ile poda usoni mwa draiva, nikaipaka upya.

Kesho yake nilikwenda soko la Kariokor. Kitu kimoja kilichobaki kizima katika ile draiva iliyopasuka ni mshikio wake, uliozungushiwa ukanda wa ngozi, na yeye alikuwa ameniomba kwamba draiva yoyote itakayochaguliwa ivishwe ngozi kama hiyo. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mshona ngozi ninayemfahamu, mtu wa kwetu Ukambani, anayeshona viatu na mishipi na kukata makubazi ya tairi. Tulisalimiana kwa lugha ya nyumbani, nikampa ile fimbo pamoja na ile ya bluu, ambayo angalau ilinyooka mara moja moja, nikamwomba aivishe ya pili kama ya kwanza.

Mzee yule ana desturi yake. Hamshonei mtu kiatu kipya kabla hajaletewa cha zamani. Hukigeuza, hutazama soli ilikolika, na kutoka hapo hukuambia unavyotembea, bila kukuona ukitembea. Basi akafanya hivyo hivyo kwa fimbo. Aliizungusha ngozi ya zamani polepole juani, akaifuata kwa ncha ya kidole gumba.

"Mwenye hii ni mfupi?"

"Ni mfupi, mzee."

"Hashiki huku juu. Hapa juu ngozi ni kama iliyotoka leo kwenye ubao wa fundi. Jasho lote liko hapa chini, tazama, imekuwa nyeusi na imelika. Huyu anashika vidole vinne chini ya mwisho. Sasa kijana wangu, mbona unataka nimvishie ngozi mahali asipoweka mkono?"

Niliichukua fimbo ile nikaitazama. Vidole vinne. Nilikuwa nimeishika kwa siku kumi na sikuigeuza kwenye mwanga. Nikakumbuka alivyoshika draiva ya kwanza siku ile ya kwanza, na sauti yangu mwenyewe ikimwambia apande juu. Nikarudi na fimbo zote mbili, ya bluu ikiwa bado haijavishwa.

Alipokuja jioni hiyo sikumpa hata nafasi ya kunisalimia.

"Dada, zamani ulikuwa ukishika wapi?"

"Chini. Tangu mwanzo. Tulijifunza kwa fimbo walizotupatia wanaume warefu, ungeshika wapi?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji.

"Uliniambia nishike juu, nikashika juu. Kedi habishani na mwenye fimbo. Ukibishana, kesho mfuko anapewa mwingine."

Nimesoma, nimesafiri, nimepima fimbo za watu wa kila taifa, na hakuna mahali nilipofundishwa kwamba mtu anaweza kuharibu mchezo wake mwenyewe kwa adabu. Wateja wa Ghuba hawakuwa na ugonjwa huo. Wao walibishana nami mpaka kuhusu rangi ya poda.

"Leo bishana," nikamwambia. "Leo mimi ndiye nisiyejua. Shika unavyoshika."

Tukarudia zote nne. Nyeusi ikawa nyepesi mno. Ile ngumu ikamuumiza kifundo cha mkono. Ya waridi ikaendelea na rumba yake. Akaishika ya bluu vidole vinne chini ya mwisho, akapumua, akapiga, na alama katika poda ikakaa katikati kama muhuri wa posta. Akapiga ya pili juu ya alama ile ile. Ya tatu ikagusa ukingo wake.

"Huo umeenda wapi?" akauliza.

"Katikati ya uwanja, dada. Mbele kabisa."

"Rudia."

"Katikati ya uwanja!"

Kulikuwa na kasoro moja. Ule mwisho wa mpini uliobaki juu ya mikono yake ulikuwa ukigonga sweta kila akizungusha, na katika mashimo thelathini na sita ya mtihani kugonga sweta hata mara moja ni kwingi. Dawa yake inajulikana na kila fundi: mpini unakatwa. Na mpini wa kaboni ukishakatwa haurudi. Nilikwenda kuchukua msumeno wa chuma. Kusema kweli nilitembea polepole.

"Hiyo si yako?" akauliza. "Injinia, nitashika chini tu, nitazoea sweta."

"Umeshazoea vya kutosha."

Nikafunga tepu, nikabana mpini kwenye jiriwa, nikaukata. Mkato ule ulikuwa safi, bila unyuzi hata mmoja uliochanika, na ningependa mtu yeyote mwenye karakana jijini aulete wake tulinganishe. Fimbo ikifupishwa kichwa chake huonekana kimepungua uzito mkononi, kwa hiyo nilivuka barabara hadi kwa mafundi wa tairi, nikaomba vile vipande vya risasi wanavyobandika kwenye rimu kusawazisha gurudumu. Nikakiponda kimoja mpaka kikawa chembamba kama karatasi, nikakibandika nyuma ya kichwa, nikakipunguza kidogo kidogo huku yeye akipiga na kusema, "Ongeza. Punguza. Umezidisha. Hapo! Usiguse tena." Alikuwa amejifunza kubishana kwa jioni moja, na mimi sijawahi kufurahia kupingwa kama siku ile. Mzee wa Kariokor akaimalizia kwa ngozi, akianzia pale mikono inapoanzia.

Mtihani ulikuwa wa siku mbili, nami nilijitolea kumbebea mfuko. Makedi wenzake walijipanga kwenye ua kunitazama.

"Niaje, injinia! Diploma ni nzito ama mfuko ndiyo nzito?"

"Nyamazeni," akawajibu yeye. "Huyu amesoma kubeba."

Sikuona haya. Nilivaa shati langu bora. Na nikiwa nyuma yake hatua mbili niliona kitu ambacho wavu wa godown hauwezi kuonyesha: jinsi alivyoujua uwanja ule. Aliokuwa akishindana nao walitazama vitabu vya vipimo; yeye alitazama nyasi, akapima upepo kwa shavu, akajua bila kuuliza kwamba mteremko fulani hudanganya. Miaka kumi na tisa alikuwa amewapa watu wengine ushauri huo bure.

Tulifika shimo la mwisho siku ya pili akiwa amebakiwa na mapigo matano, hata moja zaidi lisingekubaliwa. Ni shimo refu, miti kushoto, bwawa kulia. Ukianza na fimbo fupi kwa usalama hufiki kwa matano. Alinyoosha mkono bila kunitazama, nikampa ya bluu.

Aliipiga kama alivyopiga ndani ya godown, bila haraka. Mpira ulipaa ukiwa mweupe juu ya bwawa, ukajirudi kidogo kuelekea katikati, ukaangukia pale pale alipokuwa ametazama. Kwa mapigo mawili zaidi akafika kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo. La nne likasimama hatua moja kutoka kwenye shimo. La tano likatumbukia.

Msimamizi alijumlisha kadi mara mbili, akamwita mbele, akampa mkono. Amepita. Makedi wakaruka ule ua kana kwamba haupo. Nami niliwaambia wote waliokuwa karibu, na wachache waliokuwa mbali, ni nani aliyeikata draiva ile na kwa msumeno gani.

Yeye alijitenga chini ya mti wa mwisho, akavua kofia, akampigia simu mama yake aliyezeekea kiwandani na sasa yuko nyumbani Magharibi. Walizungumza Kiluhya, nami sikijui. Alisema taratibu, akinyamaza, akirudia, kwa maana mama yake hasikii vizuri. Katika yote niliambulia neno moja tu, alilolirudia kwa sauti iliyozidi kupanda mpaka watu wakageuka: mwalimu. Mwalimu, mama. Mwalimu.