Udongo Uliosikika Kabla ya Kuonekana

Tangu nimalize kozi ya kompyuta katika shule ya jioni mjini Kisii, ukoo wetu umenifanya mhandisi wa mazishi. Sikuomba. Mtu akifariki popote kati ya Nyamarambe na Kebirigo, maiti haijapoa simu yangu inaita: "Momura, kijana wetu, utaturushia mazishi mtandaoni?" Nimepanda vilima hivi na kamera mpaka bega langu la kulia limeshuka chini ya goti. Lakini mazishi ya nyanya kule Marani yalinichosha uchovu ambao usingizi hauutoi.

Mama mdogo, kitindamimba wa nyanya, alikuwa Marekani. Karatasi zake hazikuwa zimekamilika. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Kwa hiyo angemzika mamake kupitia ukurasa wa tovuti nilioutengeneza. Aliniomba jambo moja tu.

"Picha zikikwama, zikwame. Mimi nataka kusikia mkimwimbia, nisikie na udongo ukianguka. Bila hivyo sitaamini."

Kwenye kikao cha matayarisho, mjomba, kaka mkubwa wa mama mdogo, akaweka sharti. Katika mazishi yaliyotangulia, jamaa walikuwa wamekusanyika mbele ya skrini moja, mzee mmoja akagusa kitufe, mhubiri akaganda mdomo wazi, na nusu ya ukoo wakadhani ameitwa na Bwana papo hapo.

"Toa vitufe vyote," mjomba akaagiza. "Mzee wa Kigusii hawezi kuona kitufe asikibonyeze."

"Hata cha sauti, mjomba?"

"Hicho ndicho cha kwanza. Sauti iwe juu kama ya spika za kanisa, tumalize."

Nikavitoa. Nikapanga video ianze yenyewe mtu anapofungua ukurasa. Wiki nzima niliijaribu kwenye kompyuta yangu. Ikanguruma mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba.

Siku yenyewe, jeneza likiwa limeshafikishwa kaburini, kando ya migomba, simu yangu ikaita. Mama mdogo.

"Naona midomo tu, mwanangu. Mbona mnaimba kimya?"

Nikaelewa, jasho likanitoka ndoo nzima. Vivinjari vya siku hizi havitaki ukurasa upige kelele kabla mtu hajagusa chochote. Vinaiacha video ianze bila sauti, kisha vinasubiri kitufe kibonyezwe. Kivinjari changu kilikuwa kimenizoea katika yale majaribio yote, kikaniamini. Chake kilikuwa kinatuona leo kwa mara ya kwanza, na kitufe chenyewe hakikuwapo tena.

Kukirudisha kungenilazimu nichezee kompyuta ileile iliyokuwa inarusha picha, na mtandao wa siku hiyo ulikuwa unapita kwenye tundu la sindano. Mchungaji alikuwa ameshafungua Biblia.

"Usikate simu," nikamwambia. Nikamkabidhi mjomba. "Ishike karibu na kaburi. Na usibonyeze kitu!"

"Mimi?" akanong'ona kwa hasira. "Mimi nimewahi kubonyeza nini?"

Akasimama ukingoni, mkono umenyooka kama mlingoti, wimbo wa kumshusha ukaanza. Nilichosahau ni kwamba picha za mtandaoni hukatwa vipande vipande, zikasafiri na kuungwa upya, zikamfikia mtazamaji zimechelewa. Simu haina ucheleweshaji wa kiasi hicho. Udongo wa kwanza ulipoanguka, mama mdogo alikuwa bado anatazama jeneza likining'inia kwenye kamba. Kilio chake kilitoka katika ile simu mpaka mchungaji akanyamaza.

Watu walipokwenda kula, mjomba akanijia, mkono bado umenyooka. "Chukua. Bado yuko humu ndani, na mkono wangu umekufa."

"Nimekuharibia, mama mdogo," nikasema.

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Nilisikia udongo huku bado namwona juu ya kaburi. Nikajua kinachokuja, nikawahi kumuaga. Ninyi mliokuwa hapo, nani aliyepata hiyo nafasi?"

Nilikuwa nimechoka hata kope.

"Usikate kwanza," akasema. "Weka simu hapo, nisikie nyumbani."

Nikaiweka juu ya kiti cha plastiki, nikakaa chini kando yake, nyaya zikiwa bado zimetapakaa kwenye nyasi. Sahani zilikuwa zinagongana, mtu akibishana kuhusu nyama. Huko mbali, mama mdogo akaanza kucheka taratibu.