Mama Bado na Safu ya Nyuma

Jina la Mama Bado mkuu wa shule alipewa na wanafunzi, na kama ilivyo kwa majina yote ya shuleni, mwenyewe alikuwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kulijua. Chanzo chake kilikuwa kiganja cha mkono wa kulia. Mwanafunzi mwenye kigugumizi akisimama kujibu swali, mwalimu akataka kummalizia sentensi ili kipindi kisonge, kiganja kiliinuka mlangoni na sauti ikasema taratibu, "Bado." Darasa zima lilitulia mpaka neno la mwisho litoke. Mlinzi akitaka kufunga geti huku msichana anaonekana kwa mbali akikimbia na kiatu kimoja mkononi, "Bado." Mzazi akija kumwondoa binti yake shule kwa sababu kafeli, "Bado, mzee wangu, kaa kwanza tunywe chai." Walikuwepo walimu waliokereka, maana si kila mtu kaumbiwa kungoja, lakini wasichana walimpenda mkuu wao mpaka ikawa kero. Ukimsema vibaya bwenini, unaamka ukute ndoo yako ya maji imemwagwa.

Kile ambacho wasichana hawakukijua ni kwamba mwanamke huyu anayepanda ngazi huku kashika goti aliwahi kuwa mtu asiyeweza kungoja hata chai ipoe. Alipokuwa chuo cha ualimu alikimbia mita mia, na hakuna aliyemfikia. Siku ya fainali ya vyuo aliinama mstarini, vidole chini, masikio yote kwa mshika bastola. Kule jukwaani bwana mmoja mwenye mwili wake akaketi kwenye ubao uliooza. Ubao ukavunjika: ta. Akachomoka. Alikimbia mbio safi kuliko zote alizowahi kukimbia, peke yake, na alipogeuka kuwatafuta wenzake aliwaona kule kule alikowaacha, na uwanja mzima unacheka. Sheria ya mashindano yale ilikuwa fupi: ukiondoka kabla, umetoka. Alikaa pembeni na taulo begani akamtazama rafiki yake, aliyelala naye chumba kimoja, akishinda mbio ambazo kila mtu alijua ni za nani. Akampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto, kisha akaenda bafuni kulia, bomba akiwa amelifungua ili asisikike.

Tangu siku hiyo alijifunza kungoja, na akafanya hivyo kupita kiasi. Mumewe, fundi wa cherehani, alipomposa aliambiwa bado, akarudi akaambiwa bado, mpaka shangazi zake bibi harusi wenyewe wakaanza kumwonea huruma. Mwanamume yule hakukasirika. Alisema cherehani zimemfundisha kwamba ukilazimisha, sindano inakatika.

Rafiki wa chumba kimoja ndiye aliyekuja kuwa makamu wake shuleni. Mbele za watu alimwita Mkuu. Wakibaki wawili, dada. Medali ya chuo ilining'inia jikoni kwa makamu, karibu na jiko, inakusanya mafuta, na kila Mkuu alipokwenda kula pale aliigusa kwa kidole. "Naona mali yangu mnanitunzia vizuri," alisema, na wote wawili wakacheka kicheko cha watu waliokwisha kusameheana zamani.

Sasa tufike kwenye paa, maana ndilo lililoharibu mambo. Ukumbi wa shule ulikuwa mkubwa, wa siku nyingi, umeezekwa vigae vizito juu ya mbao ambazo mchwa walikuwa wamezigeuza chakula chao. Kila asubuhi wafagiaji walikuta unga wa mbao juu ya madawati ya nyuma. Mkuu alitoa taarifa ofisi ya elimu, akajibiwa kwamba mkaguzi atakuja. Akangoja.

"Dada, twende wote," makamu alimwambia. "Tukakae kwenye benchi lao pale mpaka watuchoke. Hawa watu bila kelele hawasikii."

"Bado. Wamesema mwezi ujao. Tuwape nafasi."

Mwezi ujao ukaja ukapita, na mwenzake ukapita. Ikafika mitihani ya mwisho ya kidato cha nne, na chumba pekee kilichowatosha watahiniwa wote, kila mmoja mbali na mwenzake kama sheria inavyotaka, kilikuwa ukumbi. Nisimpambe. Subira ile ile iliyompa jina na mapenzi ya watu ndiyo iliyowakalisha watoto wale chini ya paa lile, na yeye mwenyewe alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Siku ya hisabati ilikuwa ya jua kali baada ya wiki nzima ya mvua. Mkuu wa shule haruhusiwi kuingia kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo aliketi kwenye veranda, nje ya mlango. Mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja, huu wa mbele. Ule wa nyuma ulifungwa na kuzibwa kwa rundo la madawati mabovu ili asiingie mtu wala karatasi. Ndani palikuwa kimya, kalamu tu zinakwaruza. Msimamizi wa mtihani, aliyeletwa kutoka shule nyingine, alitembea katikati ya safu na viatu vyake vya soli laini.

Ta.

Mwili wa Mkuu ulisikia kabla ya kichwa. Goti lilikaza, vidole vya miguu vikatafuta ardhi ndani ya viatu. Kisha aibu ya zamani ikampanda mgongoni, ikamwambia akae. Ubao umelia tu, mbao zote hulia jua likipanda. Akiwatoa watahiniwa katikati ya karatasi, mtihani wao unafutwa, na wako humo wasichana ambao bila hisabati hakuna pengine pa kwenda. Na paa likibaki pale juu, zima? Atakuwa ameondoka tena kabla ya bastola, safari hii akiwa amebeba watoto wa watu. Aliogopa. Alishika kiti kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka masikio yakaanza kuvuma yenyewe.

Ta, ikaja tena, chini zaidi, na baada yake sauti ya kitu kinachosagika polepole. Aliinuka akachungulia dirishani. Juu ya safu ya nyuma unga ulikuwa unashuka, na msichana mmoja aliufuta kwenye karatasi yake kwa kiwiko bila hata kuinua macho. Msichana huyo alikuwa binti wa makamu, wa mwisho kuzaliwa, ambaye shule nzima ilimwita Kitinda.

Mkuu akavuka kizingiti. Msimamizi alimfikia akiwa tayari kamnyooshea mkono wa kumzuia.

"Mkuu, hapa hupiti. Sheria unaijua."

"Paa linavunjika."

"Nani kasema?"

"Nimelisikia."

"Mimi niko ndani na sijasikia kitu." Alinong'ona, lakini kwa hasira. "Ukiwatoa hawa, mtihani umekufa. Na nitaandika kwamba aliyeuua ni wewe."

"Andika," alisema. "Lakini usipige kelele."

Hapo kichwa chake kilikwenda mbio kuliko miguu yake ilivyowahi kwenda. Mlango ni mmoja na njia kati ya madawati ni nyembamba. Akisema paa, watakimbia wote, watakanyagana mlangoni, na kishindo chao peke yake kinaweza kulileta lile paa chini. Akianza na safu ya nyuma, iliyo hatarini kuliko zote, safu za mbele zitageuka, zitaona wenzao wanapita mbio, na mlango utazibwa na miili. Kwa hiyo walio karibu na mlango watoke kwanza. Walio chini ya unga ule watoke mwisho. Aliliona hilo likiwa wazi kabisa.

Akainua kiganja.

"Wanangu, wekeni kalamu chini. Tunatoka nje, kwa kutembea. Safu ya kwanza, simama. Wengine wote, bado."

Waliinua vichwa. Wachache walitabasamu, maana neno lile walikuwa wakiliigiza bwenini kila jioni. Halafu wakauona uso wake, tabasamu likaisha. Safu ya kwanza ikatoka. "Ya pili. Wengine, bado." Juu, ta nyingine, na hii kila mtu aliisikia. Mtu akaguna, dawati likakwaruza sakafu. "Bado," alisema, bila kupandisha sauti, na wakakaa. Neno hilo walikuwa wamelitii kwa miaka, kwenye mstari wa chakula, getini, darasani, mpaka miili yao ililijua.

Makamu aliona wasichana wanatoka akaja mbio kutoka ofisini. Alipofika mlangoni alitazama juu, akatazama nyuma ya ukumbi, akaelewa yote kwa mara moja.

"Kitinda," aliita. "Toka, mama. Toka sasa hivi."

Binti akainuka nusu. Safu yake yote ikainuka naye, na safu ya mbele yao ikageuka.

"Bado," alisema Mkuu.

Makamu alimkamata mkono, kucha zikazama. "Huyo ni mwanangu."

"Najua. Akikimbia yeye, watakimbia wote."

"Dada."

Mkuu alikuwa anamtazama Kitinda, na Kitinda anamtazama mama yake, kisha yeye, kisha mama yake. Kigae kimoja kikaanguka kwenye kona, kikavunjika sakafuni. Kitinda akaketi. Wenzake nao wakaketi. Mkuu aliendelea kuita safu moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya kugawa madaftari, na kila aliposema bado alizisikia kucha za rafiki yake zikizidi kuzama mkononi mwake.

Safu ya nyuma ilitoka mwisho, kwa kutembea. Kitinda alipita mlangoni bila kumtazama mtu, na mama yake akamvuta kwa nguvu hadi katikati ya uwanja wa michezo.

Halafu hakikutokea kitu. Paa lilikuwa pale pale, vigae vyekundu, jua linawaka juu yake, kunguru katua. Wasichana walisimama uwanjani bila kujua waweke wapi mikono yao. Mmoja alianza kulia kwa ajili ya hisabati. Mwingine, kwa woga tu, alicheka, na kile kicheko kilimrudisha Mkuu moja kwa moja kwenye uwanja wa chuo, taulo begani. Msimamizi alitazama saa yake, akasogea, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole.

"Sikiliza, Mkuu. Muda bado upo. Hakuna aliyezungumza na mwenzake. Warudi wakae, wamalizie, na mimi sitaandika chochote. Tutasema tumesitisha kidogo kwa sababu ya joto. Yataishia hapa."

Wasichana walimsikia. Baadhi walikwisha piga hatua. Wote walimgeukia yeye. Alitafuta uso wa makamu, na makamu akaangalia pembeni. Kosa lake lote lingefutika kwa kuitikia kwa kichwa tu.

"Bado," alisema. Safari hii sauti ilitetemeka, na kila mtu aliisikia inavyotetemeka.

"Bado mpaka lini?"

Mkuu alikwenda akasimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake, akangoja kuaibishwa.

Paa halikushuka kwa kishindo alichokitarajia mtu yeyote. Lilibonyea upande wa nyuma, taratibu, vigae vikaanza kuteleza kuelekea katikati, halafu mbao zote za nyuma zikaachia pamoja. Vumbi likatoka madirishani. Mkuu alirushwa hadi kwenye nguzo ya veranda, akaumia bega. Lilipotulia, msimamizi aliingiza kichwa mlangoni na hakukitoa haraka. Mahali pa safu ya nyuma hapakuonekana dawati hata moja.

Mtihani ulifutwa, wakapewa mwingine baadaye, chini ya mahema, kwenye uwanja ule ule. Wakubwa wa elimu waliokosa nafasi miezi yote ile waliipata siku ile ile, wakaja na viatu vinavyong'aa, wakamsifu. Aliwaambia mbele ya wote, "Nililijua paa hili. Niliwangoja ninyi, na sikupaswa kuwangoja." Hawakutaka kusikia hilo. Wakampigia makofi.

Makamu hakumwita dada tena. Alimwita Mkuu hata wakiwa wawili, alimletea kazi zilizokamilika, aliuliza hali ya bega. Siku moja tu, wakifunga ofisi, alisimama na funguo mkononi.

"Najua ulifanya sawa. Nalirudia kichwani kila siku, na kila siku naona ulikuwa sawa. Lakini nilikuambia kuhusu paa, ukaniambia bado. Halafu mwanangu yuko chini yake, ukamwambia yeye bado. Hilo sina pa kuliweka."

"Sina cha kujitetea."

"Najua huna," alisema makamu, akafunga mlango.

Tangu hapo kiganja hakikuinuka tena. Msichana mwenye kigugumizi alimaliziwa sentensi yake na mwalimu huku Mkuu anapita nje, na Mkuu akapita. Wasichana waliona, wakaacha kumwigiza. Mwisho wa mwaka aliomba kustaafu mapema, akakubaliwa haraka kuliko ombi lolote alilowahi kupeleka ofisi ile.

Siku ya kuondoka hakutaka sherehe. Wanafunzi walikuwa likizo. Mumewe alikuja na gari dogo la kuazima, akapakia masanduku mawili na kiti chake cha veranda, akakaa kwenye usukani na kuwasha. Mkuu aliteremka ngazi za ofisi, mkono gotini. Ngazi ya mwisho alimkuta makamu amesimama, bila jalada, bila funguo.

"Unakwenda, dada?"

Alishika ukuta. Lile neno hakulitegemea. "Nakwenda."

Makamu alimtazama, macho yamejaa, hasira na mapenzi vyote vikiwa bado humo. Kisha akainua kiganja chake cha kulia.

"Bado," alisema. Akaketi kwenye ngazi, akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Kule kwenye gari, mumewe alilisikia neno hilo, akazima injini.