Shangazi na Njia Yake Ndefu

Shangazi yangu ni mlinzi wa geti katika shule ya binafsi. Mwanafunzi akivuruga darasa, yeye huitwa amtoe, ampeleke kwa mwalimu mkuu. Ofisi iko ng'ambo tu ya uwanja, lakini shangazi hupitia nyuma ya vyoo, akazunguka stoo ya madawati mabovu, akasimama kufunga upya kitambaa cha kichwa. Mimi niliyeishia darasa la nne nilikuwa nikimtazama kutoka kibanda chake cha getini na kujisemea: maskini, uzee umemla, hata njia hajui. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi ni debe tupu lisilovuma. Watu wakiniona kimya hudhani nina kitu ndani.

Juzi goti lake likavimba, na hapohapo akaitwa kumtoa Redio, kijana mwenye mdomo usio na kitufe cha kuzima. Shule ya serikali ilishamfukuza, na hapa alishaonywa: akiletwa ofisini tena, kwaheri.

"Nenda wewe," shangazi akaniambia. "Mpeleke kama ninavyowapeleka mimi."

Nikamshika Redio mkono, nikakata uwanja katikati.

"Dada, si huku!"

"Nyamaza. Njia naijua."

"Unajua ya kunimaliza!"

Mwalimu mkuu alishangaa. "Leo mapema hivi? Haya, nimpigie baba yake." Akachukua simu. Nami kichwa kikanijaa, nikadhani nimesifiwa.

Shangazi akaingia anachechemea. "Samahani, mwalimu mkuu. Huyu bado hajafika."

"Si huyu hapa?"

"Huyo kaletwa na mtoto. Anayeleta ni mimi, na mimi bado niko njiani."

Mwalimu mkuu akalitazama lile goti, akaweka simu chini. "Basi mlete."

Tukatoka watatu, mwendo wa kobe, nyuma ya vyoo. Redio akakiri kwamba alikuwa akiigiza kikohozi cha mwalimu. Shangazi akasema, "Na kweli anaumwa, mwanangu." Redio akanyamaza. Tulipofika stoo, mwalimu mwenyewe akatokea, chaki mkononi, hasira zimemwisha.

"Mama, ameshafika ofisini?"

"Bado, mwalimu."

"Afadhali."

Redio akaomba radhi, tena kwa sauti ya chini. Mwalimu akamshika bega warudi darasani. Ndipo nilipoelewa shangazi huzunguka kwa ajili gani. Wengine wote shuleni walishaelewa zamani.

Redio akageuka. "Dada, siku nyingine usijisumbue. Nitajitoa mwenyewe."