Herufi Nene za Darasa la Kwanza

Dada yangu alikuwa amefundisha darasa la kwanza Newala kwa miaka mingi macho yalipoanza kumsumbua. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchapa Masasi: mabango ya maduka, kadi za harusi, fulana za misiba. Siku moja akanipigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nichapie majina ya watoto wangu, niyabandike kwenye madawati. Nikisimama mbele siwatambui tena kwa sura."

Alisema hivyo kama anayeniagiza sukari. Nikachagua zile herufi zangu za mabango: ndefu, nene, hazina mapambo, zimebanwa ubavu kwa ubavu. Hata jina refu lilienea kwenye karatasi moja na kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimpelekea mwenyewe. Alisimama ubaoni akayasoma yote kwa sauti, akacheka. Nikarudi Masasi nikijiona daktari.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu akanipigia. Dada alikuwa anawaita watoto kwa majina ya wenzao. Nilipofika nilimkuta peke yake darasani, ameinama hadi pua inakaribia kugusa dawati.

"Umebadilisha herufi?" akaniuliza.

"Hapana, dada. Ni zile zile."

"Mbona zimeshikana? Naona weusi mtupu."

Nikazitazama vizuri. Zilikuwa nene mno, na matundu ndani ya A na B yalikuwa madogo kama ya sindano. Nikachapa upya, nikaziachanisha. Majina hayakuenea tena, nikayakata mistari miwili. Akaona mstari wa juu, wa chini ukampotea. Nikachapa tena. Nilichapa mara nne, kila mara nikipanda Newala na bahasha mkononi, hadi mke wangu akaniambia, "Mpeleke hospitali. Achana na makaratasi."

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alisema matone yangelinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakirudi. Kisha akauliza kwa upole, "Mlikuwa wapi muda wote huu?"

Dada akajibu haraka, "Nilikuwa na kazi nyingi, daktari." Mimi nilitazama sakafu. Muda wote huo nilikuwa nachagua herufi.

Aliacha kazi mikorosho ilipoanza kutoa maua. Siku ya kuaga aliwapitia watoto mmoja mmoja, akiwashika vichwa, nao wakimtajia majina yao wenyewe. Mmoja alitaja la rafiki yake kwa utani, darasa zima likacheka, na dada akacheka nao. Tulipotoka nje ndipo akalia. Nilimshika mkono.

Sasa anaishi nasi Masasi. Asubuhi mke wangu humtia matone, mimi nikifungua kibanda. Sijamwomba msamaha. Naye, kwa jinsi alivyo, hajaniuliza kitu.