Gego la Chuma na Kikapu cha Migebuka

Nilimdanganya binti yangu kwamba tunakwenda Katonga, kwenye soko la samaki, kununua migebuka. Kikapu nikampa akibebe mwenyewe, ili uongo ukamilike. Alikuwa na miaka sita, gego lake la chini limetoboka, kila akitafuna analia. Bodaboda iliposimama hospitalini alinitazama, akakikumbatia kikapu.

Mama yangu alikuwa ametutangulia kutoka kwake Buzebazeba, kwa ubishi tu. "Ling'olewe," alimwambia daktari wa meno kabla hata hatujakaa. "Si la utoto hilo? Litatoka lenyewe."

"Shikamoo, mama," daktari akajibu kwa upole. "Tukiling'oa mapema, mengine yatasogea, na la ukubwani litakosa nafasi. Tunalivisha kofia ya chuma, likae mpaka siku yake ya kutoka. Hakuna sindano wala mashine."

Lakini mtoto aligoma kufungua mdomo. Daktari akaniambia nikalie kile kiti kirefu, nimpakate, nimshike mikono. Hapo ndipo niliponasa. Taa machoni, miguu yake juu ya yangu, kisogo chake kinanigonga kidevu. Siwezi kuinuka, siwezi kumwachia.

Hadithi ya kushikwa naijua. Nilipokuwa mchanga niliharisha, ikasemwa nina meno ya plastiki. Mganga akayachokonoa kwenye ufizi kwa spoku ya baiskeli, mama kanishika. Plastiki gani! Yalikuwa machipukizi ya meno yangu mwenyewe, ndiyo maana mpaka leo sina chonge za juu na nikicheka naziba mdomo. Hilo sijawahi kumsamehe mama. Niliapa sitamshika mtoto wangu namna ile.

"Mkaze, mwana wanje," mama akaniambia kutoka mlangoni. "Ukilegeza ndiyo ataumia."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikakaza. Binti yangu akapiga kelele, na mdomo ulipofunguka daktari akaingiza kile kikofia, akakikandamiza kwa kidole, akaweka pamba juu yake. "Uma, binti. Uma kwa nguvu." Akauma. Machozi yake yalinidondokea mkononi, na sikuwa na mkono wa kumfutia.

Gego lilipona. Wiki ile ile alikula mpaka muwa, akawa anawaonyesha wenzake jino lake linalong'aa. Nikajua yameisha.

Jumamosi nikamwambia, twende Katonga, safari hii kweli. Akachukua kikapu. Njia nzima alikaa katikati yangu na dereva wa bodaboda, kikapu kakikumbatia. Tulishuka pale wanapoanika dagaa, wauza samaki wakaanza kutuita. Nikageuka kumshika mkono tuvuke matope.

Alikuwa ameweka kikapu chini. Macho kafumba, mikono kaificha nyuma, mdomo kaufungua mpaka chuma kinaonekana.

"Nimefungua mwenyewe, mama," alisema. "Usinishike."